Bwana Imewaka

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, ila lilibaki kulala kwenye kitambulisho. Mtaani aliitwa Imewaka. Wateja walimwita Imewaka, wapagazi wa barabara ya maduka walimwita Bwana Imewaka, na mkewe naye, siku za kununiana, alimwita hivyo hivyo kwa makusudi. Mwenyewe hakuchukia. Mtu akiitwa kwa kazi yake, maana yake kazi anayo, na wangapi mtaani kwao walikuwa na kazi ya kuitiwa?

Kazi yenyewe ilikuwa ya neno moja. Duka lilikuwa la vifaa vya umeme, refu na jembamba, limejaa maboksi hadi darini. Mwisho wa kaunta, karibu na mlango, palipigiliwa ubao wenye soketi nne na mahali pa kufungia balbu. Mteja akishalipa hakukabidhiwa mali yake. Ilipelekwa kwanza kwenye ubao ule, Imewaka akaitoa kwenye boksi, akaivua nailoni, akachomeka. Feni ikazunguka, birika likaanza kunguruma, pasi ikawasha kitaa chake chekundu. Hapo alinyoosha mgongo na kutangaza kwa sauti iliyofika barabarani, "Imewaka. Umeiona?" Mteja akajibu, "Nimeiona." Neno hilo la mteja ndilo lililokuwa likingojewa. Muhuri uligongwa kwenye risiti: imejaribiwa mbele ya mteja, haitarudishwa. Tangu hapo kifaa kikilipuka hata kabla hujavuka barabara, shauri lako.

Na watu walivyo, walilipenda duka kwa sababu hiyo hiyo. Walisema kwingine unauziwa mbuzi kwenye gunia, lakini pale gunia linafunguliwa mchana kweupe. Walitoka kifua mbele, wakijiona wajanja. Hakuna aliyejiuliza ni kwa nini tajiri mwenye duka, mtu aliyezima feni kila mteja wa mwisho alipotoka, alikuwa radhi kuchoma umeme wake kwa ajili ya balbu ya mtu mwingine. Bahili akikupa kitu cha bure, kaa chini ukifikirie.

Imewaka alianza pale kama mbeba maboksi. Siku moja mjaribu wa zamani aliugua, yeye akasimamishwa ubaoni, na tajiri akagundua kwamba kijana huyu ana sauti ya kuaminika. Si sauti nzuri, hapana, ya kuaminika, ile ya mtu anayekuambia usiogope nawe ukaacha kuogopa. Tangu hapo hakubeba tena boksi. Alinunua mashati ya mikono mirefu, akajifunza kuchomeka plagi kwa mbwembwe kidogo. Alioa, akapata watoto, akajenga vyumba viwili, vyote kwa neno lile moja. Wakwe zake walijivuna naye. Ukitaka kitu cha umeme, walisema, nenda kwa shemeji yetu, yeye hawezi kukuuzia takataka.

Sasa, kuwaka ni jambo moja na usalama ni jambo jingine, na Imewaka alilijua hilo kuliko mtu yeyote aliyesimama upande wa pili wa kaunta. Mwaka huo tajiri alileta shehena ya pasi za buluu, nyepesi, bei ya kutupa. Imewaka alichukua moja kwa matumizi ya nyumbani, na kwa kuwa ana mkono wa kufungua fungua vitu, akafungua kifuniko cha nyuma. Plagi yake ilikuwa na meno matatu manene ya kutia moyo. Lakini ndani ya kamba ya umeme waya zilikuwa mbili tu. Ule wa tatu haukuwemo, ule unaoupeleka umeme ardhini siku pasi ikiharibika, ili usipitie mwilini mwa mwenye pasi. Jino la tatu la plagi lilikuwa pambo.

Kesho yake alimweleza tajiri, kwa adabu, akiwa ameshika mikono nyuma. Tajiri hakukasirika. Alimuuliza tu, "Wewe nimekuajiri kuwasha au kufungua?" Akajibu, kuwasha. "Basi washa." Jambo likaishia hapo. Jioni ile Imewaka alipitia duka la mbali, akanunua kamba nzuri yenye waya tatu, akaifunga kwenye pasi yake mwenyewe. Watoto wake wakawa salama. Hilo tulitie akilini sisi, maana yeye alijitahidi sana kulisahau.

Mkewe alikuwa na mdogo wake, mwanamke wa kucheka, mwenye mabega mapana kwa sababu ya kazi. Alinyoosha nguo za watu. Alizifuata majumbani kwao asubuhi, akazirudisha jioni zimekunjwa kama zimetoka dukani, na mtaa mzima ukamwita Mama Pasi. Miaka yote alitumia pasi ya mkaa, mpaka cheche ilipodondokea shati jeupe la harusi la mteja. Alililipa shati lile kwa miezi, huku akililipia kwa kuvumilia matusi pia, maana mwenye shati alikuwa na mdomo. Akaapa kuhamia kwenye umeme. Na ukihamia kwenye umeme unakwenda kwa nani, kama si kwa shemeji yako?

Alifika dukani siku yenye watu wengi. Tajiri alikuwa ameegemea kaunta, hatua mbili kutoka ubaoni. Mama Pasi alikuwa ameshachagua na kulipa, pasi ya buluu. Aliiweka mbele ya shemeji yake akamuuliza kama itahimili kazi ya kutwa nzima. Imewaka aliitazama pasi, akamtazama tajiri, akawatazama watu waliokuwa wakisubiri nyuma ya shemeji yake. Kisha akachomeka. Kitaa chekundu kikawaka.

"Imewaka. Umeiona?"

"Ukiiona wewe, shemeji, mimi nimeiona mara mbili," alisema Mama Pasi, na watu wakacheka. Muhuri ukagongwa.

Tusimwonee. Palepale alipokuwa akiirudisha pasi kwenye boksi, alijiahidi kwamba Jumapili atakwenda kwa shemeji yake na kamba ya waya tatu, aibadilishe, asimwambie sababu. Funika kombe mwanaharamu apite. Lakini Jumapili ilikuja na mvua. Iliyofuata ilikuja na uchovu. Kisha pasi ikawa inafanya kazi vizuri tu, Mama Pasi akiisifu kila akija kwa dada yake, na dhamiri ya mtu ikisifiwa hulala usingizi mnono.

Iliharibika Alhamisi, mchana. Mama Pasi alikuwa pekupeku chumbani kwake, sakafu ya saruji imelowa maji ya kunyunyizia nguo. Aliishika pasi ubavuni aifute, na mkono ukajifunga. Alitaka kuufungua, ukakataa. Alitaka kupiga kelele, sauti ikakataa pia. Jirani wa chumba cha pili alisikia kitu kikigonga gonga ukutani, akaja kulalamika, akakuta ni kisigino cha mwenzake. Ni huyo aliyechomoa plagi. Mama Pasi alikaa hospitali mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akabadilika mara tatu, na alipotoka, vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunjia kiganjani, kama mtu aliyeshika sarafu asiyotaka kuitoa. Mkono ule ndio uliokuwa ukiwalisha wanawe.

Imewaka alimtembelea na matunda. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akaongea juu ya joto, juu ya madaktari, juu ya bei ya matunda yenyewe. Mama Pasi hakumlaumu kwa lolote. Alimwambia labda ni yeye aliyekosea, labda maji yalizidi. Imewaka alitikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo na ingeweza kuwa hapana. Kurudi nyumbani alipita njia ndefu.

Tajiri naye alisikia, na tajiri ni mtu mwenye huruma yenye mahesabu. Alisema mali ikishauzwa hairudi, lakini huyu ni ndugu wa mfanyakazi wangu, na yaliyopita si ndwele. Airudishe ile iliyoungua, apewe mpya bure. Imewaka ndiye aliyekwenda kuichukua ya zamani na kupeleka mpya. Fikiria hapo: mwanamke asiye na vidole vya kushika pasi, anapelekewa pasi. Na alishukuru. Aliipokea kwa mkono wa kushoto, akamwambia shemeji yake amfikishie tajiri salamu. Ile iliyoungua iliingia nyuma ya duka na haikuonekana tena. Ile mpya ilitoka katoni moja nayo.

Sasa njoo kwenye neno lililomchelewesha Mama Pasi kwenda kulalamika. Katika barabara ya maduka palikuwa na mlango wenye kibao kilichoandikwa Ofisi ya Utetezi wa Walaji. Mama Pasi alipita mbele yake kila siku, furushi la nguo kichwani, na akilini mwake ofisi ile ilikuwa ya watu walioumwa na tumbo: maziwa yaliyochacha, mikate yenye ukungu. Mpaka siku aliyoupeleka mkono wake zahanati kufungwa upya, na muuguzi mmoja, mteja wake wa zamani wa sare nyeupe, akamuuliza kama ameshakwenda kulalamika kwa walaji.

"Niende kusema nini?" alisema Mama Pasi. "Mimi sikula kitu. Nimeunguzwa."

Muuguzi alianza kucheka, akaona uso wa mwenzake, akaacha. Akamweleza kwamba mlaji si wa chakula tu. Mlaji ni yeyote anayenunua kitu akatumia, ukinunua pasi wewe ni mlaji wa pasi, na sheria inakutazama. Mama Pasi alilitafuna hilo.

"Kumbe mlaji ni mimi," alisema mwishowe. "Na mimi miaka yote hii nilidhani naliwa."

Alikwenda. Ofisini walimuuliza pasi iliyomuunguza iko wapi, akasema ameibadilisha kwa mpya. Walimuuliza nani aliichukua, akasema shemeji yangu. Waliandika, wakatazamana, wakapanga siku ya kuwakutanisha yeye na tajiri. Kwa kuwa pasi yenyewe haikuwepo, shahidi alibaki mmoja tu, yule aliyeijaribu.

Tajiri hakumtisha mfanyakazi wake. Kitisho kingekuwa rahisi, mtu angekikasirikia. Alimwita pembeni akamwambia, "Usiseme uongo. Ukiulizwa, jibu ulichoulizwa tu." Nyumbani mkewe alikuwa akichambua mboga na hakuinua macho. Alijua kuhusu ile kamba ya waya tatu, yeye ndiye aliyemulika tochi siku inafungwa, ila hakuwa amejua maana yake. Sasa alianza kuijua. Alimwambia, "Baba watoto, yule ni mdogo wangu. Na hawa ni wanao. Mimi sikwambii la kusema. Ila usije ukarudi hapa ukaniambia hukujua." Akaendelea na mboga zake.

Mama afisa wa ofisi ile hakuwa mla rushwa. Ingekuwa nafuu angekuwa, tungepata wa kumtukana. Alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani, aliyempa Mama Pasi kiti chenye mto na kumwambia avue kitambaa mkononi ikiwa tu yuko tayari. Alivua. Tajiri aliutazama mkono ule akasikitika, na nadhani alisikitika kweli. Kisha akatoa nakala ya risiti yenye muhuri, na mama afisa akamgeukia Imewaka.

"Uliijaribu pasi mbele ya mteja?"

"Niliijaribu."

"Iliwaka au haikuwaka?"

"Iliwaka."

Mama afisa akaandika. Imewaka alisimama akingoja swali la pili. Alikuwa nalo jibu lake, limemjaa mdomoni, angeulizwa tu chochote cha kufanana nalo angelitema: ndani mlikuwa na nini, uliwahi kuifungua nyingine, kwako unatumia ipi. Alimtazama mama afisa kama mwanafunzi aliyejua somo lote isipokuwa kunyoosha kidole. Mama afisa alifunika kalamu. Alisema kwa upole kwamba kifaa kilitoka dukani kikiwa kizima, mteja mwenyewe alithibitisha, na maji sakafuni ni hatari, jamii inahitaji elimu. Shauri likafungwa. Mama Pasi alijifunga kitambaa chake kwa meno na mkono wa kushoto, polepole, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Utasema angeweza kusema bila kuulizwa. Angeweza. Mdomo ulikuwa wake. Lakini mtu aliyelishwa na neno moja miaka yote huwa hana la pili, na hilo silisemi kumtetea. Mchuma janga hula na wa kwao, na yeye alikula kimya, kwa mkewe aliyemwekea chakula mezani na kuondoka chumbani, usiku baada ya usiku.

Mama Pasi aliamua kuiuza ile pasi mpya. Fundi redio wa mtaa wa nyuma aliifungua kabla ya kutaja bei, akapiga mluzi. Akamwonyesha: plagi meno matatu, ndani waya mbili. Akamweleza wa tatu huwa ni wa nini, na Mama Pasi akautazama mkono wake kama ameletewa barua yake iliyochelewa. Aliirudisha pasi ile ofisini kwa walaji, imefunguka hivyo hivyo. Mama afisa aliipindua pindua, akasema shauri limefungwa, na pasi hii, kwa kweli, haijamuumiza mtu. Hata hivyo jambo limemgusa. Watu wanaumia kwa kutojua, alisema. Wataandaa siku ya elimu kwa walaji, hapo hapo barabarani, na Mama Pasi amealikwa.

Siku ikafika. Spika mbili, turubai, viti vya plastiki. Wenye maduka walichangia, na tajiri wetu alichangia kuliko wote. Mama afisa alizungumza vizuri. Alisema daini risiti, someni tarehe, msirubuniwe na bei, rahisi ni ghali. Watu walipiga makofi, na mimi sina ugomvi na hata neno moja kati ya hayo. Kisha akasema, na zaidi ya yote, usiondoke dukani kabla bidhaa yako haijajaribiwa mbele ya macho yako. Na ili muone inavyofanyika, tunaye hapa mtaalamu mnayemjua wote.

Kelele zikapanda. Bwana Imewaka alisogezwa mbele na mikono ya watu. Ubao wake wa soketi ulikuwa umeletwa, na juu ya meza pasi za buluu zilipangwa kwa bei maalumu ya siku hiyo. Alichukua moja, akaivua nailoni, akachomeka. Kitaa chekundu kikawaka. Hakupata nafasi ya kusema neno lile. Umati ulimsemea, wote kwa pamoja, wakicheka kwa furaha.

Mama Pasi alikuwa amesimama mstari wa mbele. Alinyoosha mkono juu kuomba kuuliza, mkono wa kulia, na kipaza sauti kikapelekwa kwake. Mke wa Imewaka, aliyekuwa nyuma kidogo, alishika kifua.

"Shemeji," alisema, "humo ndani mna waya ngapi?"

Tajiri alitabasamu na kuanza kusema kwamba maswali ya kiufundi yataletwa baadaye. Mama afisa, aliyeijua ile pasi iliyofunguliwa, alitazama karatasi zake. Imewaka aliutazama mkono ule ulioinuliwa na vidole vyake vilivyokataa kunyooka. Swali la pili ndilo hilo, limekuja, na limeulizwa na mtu aliyekuwa amelilipia. Akasogea kwenye kipaza sauti, na kwa sauti yake ile ile ya kuaminika, iliyofika mwisho wa barabara, akasema kweli.

"Mbili."

Alingoja. Alingoja wapige kelele, wamvamie, wapindue meza, tajiri amfukuze hapo hapo. Alikuwa tayari kwa hayo yote, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile alihisi anapumua.

Watu walibaki wakimtazama, wakisubiri aendelee. Mbili ni nyingi au ni chache? Hakuna aliyejua. Mwanamke mmoja mwenye kapu alimwuliza jirani yake, na jirani akainua mabega. Mzee wa viti vya mbele akasema mbili si mbaya, redio yake ina mbili na inaimba mwaka wa kumi huu. Mtu akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, kwa sababu mjaribu amejibu bila kuficha, na duka la namna hiyo ni la kuaminiwa.

Walipojipanga kununua, mstari ulipita katikati ya Imewaka na shemeji yake. Alimwita, lakini Mama Pasi alikuwa ameshageuka, akijipenyeza kwa bega kutoka, huku waliokuwa wakiingia wakimwomba samahani kwa kumkanyaga. Mwanamke mwenye kapu alikuwa wa kwanza. Aliweka pasi ya buluu mbele ya Imewaka na kumwambia aijaribu tena, hii yake yeye, na aseme kwa sauti.